Kuhama Kivinjari Bila Kupoteza Akaunti: Somo kwa Wenye Simu za Zamani

Tangu Agosti 2025, simu zinazotumia Android 8 na Android 9 hazipokei tena matoleo mapya ya Chrome. Toleo la mwisho kwa simu hizo ni la 138. Programu yenyewe haijazimika. Ikiguswa inafunguka, na kurasa nyingi zinaonekana kama zamani. Ndiyo maana watumiaji wengi hawajatambua kwamba kuna jambo lililobadilika.

Katika kijiji kama Bodo, jambo hili si dogo. Kwa wakaazi wengi wa pwani ya kusini, simu ndiyo ofisi. Kijana anayetafuta kazi katika hoteli za Diani huomba cheti cha tabia njema kupitia eCitizen. Mzazi huomba cheti cha kuzaliwa cha mtoto huko huko, na anayepanga kwenda kufanya kazi katika nchi za Ghuba huanzia hapo safari yake ya pasipoti. Mvuvi hutazama utabiri wa Idara ya Hali ya Anga kabla ya kuteremsha chombo msimu wa kusi. Shughuli hizi hupitia kivinjari, na nyingi humtaka mtu aandike namba ya kitambulisho na neno la siri.

Somo hili linaeleza kivinjari ni nini, nani anahitaji kuhama, na namna ya kuhama bila kujifungia nje ya akaunti zake.

Kivinjari ni chombo, si bahari

Kivinjari ni programu inayofungua kurasa za mtandaoni. Chrome ni kivinjari. Firefox, Opera Mini na Phoenix pia ni vivinjari. Watu wengi huita programu hiyo "Google" au "mtandao" tu, na hapo ndipo mkanganyiko huanzia. Google ni kampuni yenye huduma ya kutafuta habari, na huduma hiyo hupatikana kwenye kivinjari chochote. Intaneti nayo ni njia yenyewe, inayolipiwa kwa bando.

Mkaazi wa Bodo anaweza kulielewa jambo hili kwa kutazama mbele yake. Anayevuka kwenda Funzi anaweza kupanda mashua ya injini au dau la tanga. Akibadilisha chombo, kisiwa hakihami. Atashukia Funzi ile ile na kuwakuta watu wale wale. Ndivyo ilivyo kwa eCitizen, mfumo wa kodi wa iTax au barua pepe. Akaunti ya mtu imehifadhiwa huko kwenye tovuti, haimo ndani ya kivinjari. Kuhama kutoka Chrome kwenda Firefox hakufuti akaunti, maombi yaliyokwisha kutumwa wala malipo yaliyokwisha kufanywa.

Kinachobaki chomboni ni mizigo: maneno ya siri ambayo kivinjari kilikubali kuyakumbuka kwa niaba ya mtu, kurasa zilizowekewa alama, kurasa zilizoachwa wazi, na fomu iliyojazwa nusu bila kutumwa. Mizigo hiyo isiposhushwa mapema, mtu hufika ng'ambo ya pili mikono mitupu. Wengi wanaosema akaunti "imepotea" baada ya kubadilisha kivinjari hawakupoteza akaunti. Walipoteza neno la siri walilokuwa wamelisahau kwa sababu simu ilikuwa ikiwakumbushia.

Kwa nini kuhama wakati programu bado inafanya kazi?

Kila chombo cha mbao hutiwa kalafati. Fundi hushindilia pamba iliyolowekwa mafuta katikati ya mbao ili maji yasiingie, na kazi hiyo hurudiwa kila baada ya muda kwa sababu bahari haichoki kutafuta upenyo. Chombo kilichoachwa bila kalafati hakizami siku ile ile. Huendelea kuelea, maji yakiingia kidogo kidogo.

Matoleo mapya ya kivinjari hufanya kazi kama hiyo. Wataalamu hugundua nyufa katika programu, na kampuni hutoa toleo lililozibwa. Tatizo ni kwamba ufa ukishazibwa na kutangazwa, wahalifu nao hujua ulipokuwa. Huwatafuta wale ambao bado wana toleo la zamani. Kwa hiyo simu isiyopokea matoleo mapya huzidi kuwa hatarini kadiri miezi inavyopita, hata kama mwenyewe hajabadilisha chochote. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kuna sababu ya pili. Tovuti nazo hubadilika. Tovuti iliyoundwa upya huweza kukataa kufunguka kwenye kivinjari cha zamani, au ikafunguka huku kitufe cha kutuma fomu hakifanyi kazi. Mara nyingi mtu hugundua hilo siku ya mwisho ya kutuma maombi.

Nani anahitaji kuhama?

Mtumiaji afungue mipangilio ya simu, sehemu yenye alama ya gurudumu la meno. Ateremke hadi sehemu inayoeleza habari za simu yenyewe, na hapo atakuta namba ya Android. Namba hiyo ndiyo inayoamua.

- Android 10 na kuendelea: Chrome bado inapokea matoleo mapya. Hakuna lazima ya kuhama. Kinachohitajika ni kuhakikisha programu inasasishwa kupitia Play Store. Simu inayosasisha kwa WiFi pekee, na ambayo haijawahi kuunganishwa na WiFi, inaweza kuwa na toleo la miaka iliyopita.
- Android 8 na 9: Chrome imesimama. Firefox, inayotengenezwa na Mozilla, bado inapokelewa na simu hizi. Kundi hili ndilo linalohusika zaidi na somo hili.
- Android 7 na chini yake: Chrome ilisimama mwaka wa 2023 au kabla yake, na Firefox nayo ikasitisha matoleo yake ya kawaida kwa simu hizi Oktoba 2025. Simu hizi zinafaa kwa kupiga, kutuma ujumbe na kusoma habari. Si salama kuzitumia kuandika maneno ya siri ya huduma za serikali au za fedha kwenye kivinjari.

Mwenye simu ya kundi la tatu hajafungiwa huduma. Huduma nyingi zina njia nyingine. Usajili wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, hupatikana kwa kubonyeza *147# bila intaneti kabisa, na Huduma Centre mjini Kwale huwahudumia watu ana kwa ana.

Ieleweke pia kwamba kivinjari kipya hakiifanyi simu nzima kuwa mpya. Android yenyewe ikiwa ya zamani ina nyufa zake. Kuhama hupunguza hatari na kumpa mtu muda wa kujipanga kununua simu nyingine, lakini hakuiondoi hatari yote.

Suala la bando

Wengi hubaki na kivinjari fulani kwa sababu ya bando, na hiyo ni sababu ya haki. Opera Mini, iliyoanza mwaka wa 2005 nchini Norway, ilipendwa sana Afrika hata kwenye simu ndogo za vitufe kwa sababu hubana kurasa kabla hazijafika kwenye simu. Chrome nayo iliwahi kuwa na njia ya kuokoa data, lakini iliondolewa mwaka wa 2022.

Ni vyema kujua ubanaji huo hufanyikaje. Opera Mini inapowekwa katika hali ya kubana sana, ukurasa haufunguliwi moja kwa moja na simu. Hufunguliwa kwanza na kompyuta za kampuni hiyo, ukabanwa, kisha ukaletwa kwa mtumiaji. Ni kama kumtuma mtu akusomee barua na kukuletea muhtasari. Kwa habari za michezo au bei za bidhaa hakuna ubaya. Kwa ukurasa wa neno la siri, si busara kuwa na mtu wa kati, na mara nyingine fomu ndefu hazifanyi kazi katika hali hiyo.

Firefox huokoa bando kwa njia nyingine. Huruhusu kuongezewa kizuizi cha matangazo, kwa mfano uBlock Origin, bila malipo. Tangazo lisilopakuliwa halili bando, na katika tovuti zilizojaa picha na video za matangazo tofauti huonekana.

Hakuna sheria inayomtaka mtu awe na kivinjari kimoja. Anayetaka anaweza kubaki na Opera Mini kwa kusoma habari, na kuweka Firefox kwa eCitizen, kodi na barua pepe. Mvuvi ana nyavu za aina mbalimbali, na hajaulizwa kwa nini.

Hatua saba za kuhama

1. Kuchagua siku isiyo na haraka. Asihame siku ya mwisho ya kutuma maombi ya chuo au ya kuwasilisha ripoti ya kodi. Achague siku ambayo akikwama ana muda wa kujikwamua.

2. Kuhakikisha namba ya simu na barua pepe ni zake bado. Hatua hii hurukwa na wengi, nayo ndiyo ya maana kuliko zote. Mtu akiingia eCitizen kwenye kivinjari kipya, hutumiwa namba ya kuthibitisha kwa ujumbe mfupi au barua pepe. Ikiwa laini aliyojisajilia ilipotea baharini miaka miwili iliyopita, namba hiyo itakwenda kwenye laini asiyonayo. Kwa hiyo, wakati bado anaweza kuingia kwenye akaunti kupitia kivinjari cha zamani, afungue sehemu ya wasifu na kubadilisha namba. Aanze na akaunti ya barua pepe, kwa sababu akaunti nyingine nyingi hurejeshwa kupitia hiyo.

3. Kushusha mizigo. Afungue Chrome, aguse vitone vitatu vilivyo juu kulia, aingie kwenye mipangilio, kisha sehemu ya kuhifadhi maneno ya siri. Ataona orodha ya tovuti. Akigusa moja na kuthibitisha kwa namba ya kufungulia simu, neno la siri litaonekana. Ayaandike kwenye daftari linalokaa nyumbani mahali salama. Asiyapige picha, wala asiyatume kwa WhatsApp hata kwa mtu wa nyumbani. Aandike pia anwani za tovuti anazozitumia mara kwa mara. Nyaraka alizokwisha kupakua, kama cheti au risiti, zimo kwenye hifadhi ya simu na hazitaguswa.

4. Kupakua kivinjari kipya kutoka Play Store pekee. Atafute Firefox na ahakikishe mtengenezaji aliyeandikwa ni Mozilla. Ukubwa wa programu huonyeshwa kabla ya kupakua, kwa hivyo anaweza kusubiri penye WiFi. Asikubali programu iliyotumwa kwa kiungo cha WhatsApp au kuhamishwa kutoka simu ya rafiki, kwa kuwa hakuna anayejua ilipitia mikono gani.

5. Kuingia kwenye akaunti moja baada ya nyingine. Aandike anwani mwenyewe na kuingia kwa kutumia daftari. Tovuti ikimwambia kwamba kuna mtu anaingia kutoka mahali papya, asishtuke: ni yeye mwenyewe. Lakini tahadhari kama hiyo ikija wakati hafanyi chochote, hapo abadilishe neno la siri mara moja.

6. Kukifanya kivinjari kipya kuwa cha kawaida. Katika mipangilio ya simu kuna sehemu ya programu, na ndani yake sehemu ya programu za kawaida. Hapo achague Firefox kuwa kivinjari. Asipofanya hivyo, kila kiungo atakachogusa ndani ya ujumbe kitaendelea kufungukia kule kule alikotoka, na atakuwa amehama nusu.

7. Kusubiri wiki moja, kisha kusafisha. Akishahakikisha kila akaunti inafunguka, arudi Chrome na kufuta historia. Kwenye simu nyingi Chrome haiwezi kuondolewa kabisa, na hilo si tatizo. Inatosha kutoitumia. Asiondoe akaunti ya Google kwenye simu yenyewe, kwa sababu Play Store na mara nyingi majina ya simu alizohifadhi hutegemea akaunti hiyo.

Chombo kizuri hakimlindi nahodha asiyetazama mwamba

Kivinjari kipya kitaziba nyufa za programu, lakini hakiwezi kumzuia mtu kuingia kwenye tovuti ya matapeli kwa hiari yake. Kwa hiyo kila anayeingia mtandaoni anahitaji kujua kusoma anwani.

Majina yanayoishia na .go.ke hutolewa kwa taasisi za serikali ya Kenya pekee. Anwani ya eCitizen ni ecitizen.go.ke. Kinachotazamwa ni mwisho wa jina, kabla ya mstari wa kwanza wa mlazo. Tapeli anaweza kuweka neno "ecitizen" mwanzoni au katikati ya jina, lakini hawezi kujipatia mwisho wa .go.ke kirahisi hivyo. Zipo taasisi za umma zinazotumia majina mengine, kama KUCCPS inayoshughulikia nafasi za vyuo, ambayo tovuti yake ni kuccps.net. Kwa hizo, anwani ichukuliwe shuleni au kwenye tangazo rasmi, isichukuliwe kwenye ujumbe uliosambazwa kwenye kundi la WhatsApp.

Alama ya kufuli kando ya anwani huwachanganya wengi. Kufuli humaanisha kwamba mazungumzo kati ya simu na tovuti hayawezi kusikilizwa njiani. Haimaanishi kwamba mwenye tovuti ni mtu mwaminifu. Matapeli nao huweka kufuli.

Kuhusu malipo, huduma za eCitizen hulipiwa kupitia namba ya Paybill 222222. PIN ya M-Pesa huandikwa kwenye ujumbe wa M-Pesa unaojitokeza kwenye simu au kwenye menyu ya M-Pesa. Ukurasa wa tovuti unaomtaka mtu aandike PIN yake ya M-Pesa ni wa wizi, hata uwe na nembo ya serikali.

Kwa wanaotumia saiba

Wakaazi wasio na simu ya kisasa hutumia kompyuta za saiba Msambweni au Ukunda. Huko pia kuna vivinjari vya kale. Internet Explorer, iliyotumika kwa miaka mingi, ilisitishwa na Microsoft tarehe 15 Juni 2022, na kompyuta ambayo bado inaitumia haifai kwa shughuli za akaunti.

Mteja aombe dirisha la faragha, ambalo halihifadhi kumbukumbu likifungwa. Kivinjari kikiuliza kama kihifadhi neno la siri, jibu ni hapana. Akimaliza, atoke kwenye akaunti kabla ya kuinuka. Kufunga ukurasa pekee hakutoshi. Na iwapo mhudumu anamsaidia kujaza fomu, mteja aandike neno la siri kwa mkono wake mwenyewe. Msaada wa kujaza fomu ni jambo jema, lakini neno la siri likishajulikana na wawili si siri tena. Ndivyo ilivyo nyumbani pia: mjukuu anaweza kumwonyesha babu pa kubonyeza, na babu akageuza simu upande wake anapoandika.

Jipime

*Mwenye simu ya Android 9 amehamia Firefox. Ombi lake la pasipoti alilotuma wiki iliyopita limepotea?* Hapana. Ombi liko eCitizen. Aingie kwa akaunti yake na atalikuta.

*Mama mmoja hakumbuki neno lake la siri, lakini Chrome humwingiza bila kumuuliza. Afanye nini kwanza?* Atazame neno hilo kwenye orodha ya Chrome na kuliandika, kisha ahakikishe namba yake ya simu kwenye akaunti ni ile anayoitumia sasa. Baada ya hapo ndipo ahame.

*Ujumbe umekuja ukisema Chrome ya simu hii imekwisha, gusa hapa upate mpya. Je, agusе?* La. Matoleo mapya hupatikana Play Store, hayaletwi kwa ujumbe.

*Simu ina Android 11, lakini Chrome haijasasishwa tangu inunuliwe. Ahame?* Si lazima. Asasishe Chrome kupitia Play Store, na atakuwa ameziba nyufa za Chrome zilizokwisha rekebishwa kufikia siku hiyo.

Kazi yote hii, kuanzia kutazama namba ya Android hadi kuingia kwenye akaunti ya mwisho, inaweza kumalizika katika jioni moja. Mwenye kuanza leo aanze na hatua ya pili: kuhakikisha laini iliyo kwenye simu yake ndiyo ile iliyo kwenye akaunti zake.